Sumaku ya hospitali iliyokatwa Shimanzi

Sumaku ile ya MRI, mashini ya kupiga picha ndani ya mwili, nliijua ikiwa hai. Sisi mafundi wa baridi ndivyo tunavyosema, kompresa ikinguruma iko hai, ikinyamaza imekufa, na hiyo nliijua ikinguruma, ndani ya chumba chenye mlango mzito kwenye hospitali moja hapa Mombasa ambayo sitaitaja jina. Miaka ikapita, alafu siku moja nimeenda Shimanzi kutafuta kipande cha bomba la shaba kwenye uwanja wa vyuma chakavu nkaikuta imelazwa ubavu, vijana wawili waikata na grainda, cheche zaruka, mwenye uwanja amekaa kivulini na mzani wake angoja shaba itoke.

Nlisimama pale robo saa nzima bila kusema neno. Ilikua kama kuona jahazi zuri lapasuliwa kuni.

Mi kazi yangu ni mafriji na AC, lakini riziki yangu hasa iko kwenye makontena ya baridi pale Kilindini, yale yanayobeba samaki na maparachichi. Sasa hospitali ile ilipoleta mashini ya MRI, injinia alikuja kutoka Nairobi akataka fundi wa hapa hapa wa kumsaidia na chila, ile mashini ya kupoza maji, nkaitwa mimi. Ndio siku ya kwanza kuelezwa kilichomo mle ndani. Watu waona tundu la kulala mgonjwa basi, kumbe lile pipa limejaa nyaya, na nyaya zenyewe zimeloweshwa kwenye heliamu iliyogeuka maji, nyuzi 269 chini ya sifuri. Nyuzi 269! Mimi nilikua najiona bingwa kwa kufikisha 25 chini ya sifuri kwenye kontena la samaki. Fikiria jua la Mombasa saa nane mchana, nyuzi 32, na ndani ya unene wa mkono tu kuna baridi ya namna hiyo, tofauti ya nyuzi 300, na kazi yote ya ile mashini ni kuzuia hizo nyuzi 300 zisikutane.

Yazuiaje? Kwanza pipa ndani ya pipa, na katikati hewa imevutwa yote, kama chupa ya chai ile ya nyumbani. Alafu kwenye hiyo nafasi tupu kuna karatasi nyembamba za kung'aa, tabaka juu ya tabaka, zarudisha joto lilikotoka. Alafu juu kuna kichwa cha baridi, pampu ndogo yapiga chwi-chwi-chwi usiku na mchana, mtu akishaisikia hiyo sauti hasahau. Na zile nyaya kwenye baridi hiyo hupitisha umeme bila kizuizi chochote, hata chembe, wautia umeme mara moja, wafunga mzunguko, wachomoa waya wa nje, na umeme waendelea kuzunguka peke yake miaka. Injinia aliponambia hivo nlimwuliza mara tatu nkidhani sijamwelewa. Akanambia fundi, ndivyo ulivyosikia.

Sasa ilivyokufa. Kile kichwa cha baridi kina kompresa yake, kompresa yapozwa na maji, maji yapozwa na chila, na pampu ya chila ilikua imeanza kulia. Nlisema. Nkaandika kwenye karatasi nkapeleka ofisini, nkaambiwa bajeti. Nkarudi tena nkaambiwa mwezi ujao. Wikiendi moja stima ikapotea ikarudi, chila haikuwaka, hapakua na mtu, heliamu ikaanza kuchemka, na heliamu ikipungua nyaya zikipata joto kidogo tu ule umeme unaozunguka wageuka moto kwa ghafla na heliamu yote iliyobaki yawa gesi. Ilitoka kwa bomba la juu ya paa, wingu jeupe na mvumo kama meli inatoka bandarini, majirani wakaita zimamoto. Nlipofika Jumatatu ilikua kimya. Kuijaza heliamu upya ni pesa nyingi, haikujazwa, ikakaa imefunikwa turubai, na mwisho wake nshawaambia.

Basi likizo moja mpwa wangu akaja kututembelea Likoni, huyu yuko chuo kikuu asoma fizikia, mtoto wa dada yangu. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, habari za masomo, tukakaa barazani na kahawa nkamhadithia ile sumaku. Akanyamaza kwanza. Alafu akanambia, "Mjomba, wajua kuna sumaku kama hiyo ilikua ya MRI kule Brisbane, Australia, wenyewe walipomaliza kazi nayo ikachukuliwa ikapelekwa hadi CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, na sasa ni chombo cha kupima viini vya atomu?"

Nkamwambia hebu nielezee polepole, kama unavyomwelezea mtu wa friji.

Na akanieleza, wallahi tulikaa mpaka adhana ya alfajiri. Tangu siku hiyo mimi nimekua nafuatilia hii mambo kama wengine wanavyofuatilia mpira, na hapa naandika nilichokielewa na nna hakika nacho.

Kiini cha atomu kina protoni na nutroni. Idadi ya protoni ndio jina la ukoo, 79 ni dhahabu, 80 ni zebaki, 82 ni risasi. Nutroni zaweza kuzidi ama kupungua, ukoo ni ule ule ila uzani tofauti, na hao ndugu ndio waitwao aisotopu. Walio imara, waliokaa tu duniani hawabadiliki, ni kama 250. Walioonekana mpaka sasa wapita 3,000. Na hesabu za wataalamu zasema yamkini wako kama 7,000, wengi hawajaonwa na mtu, manake waishi sekunde moja, ama elfu moja ya sekunde, kisha watoa miale na kugeuka kitu kingine. Hao ndio viini nururifu, na hao ndio watu wanaojengewa mashini kubwa kubwa.

Swali langu la kwanza lilikua kwani kiini kilichokufa kabla hujapepesa jicho wakitakia nini. Mpwa wangu akaninyoshea kidole pete ya dhahabu ya shangazi yake.

Hapa niruke kidogo niwaambie habari ya sonara. Siku ile Shimanzi nlinunua kipande cha waya wa ile sumaku kwa bei ya shaba, kama urefu wa shibiri. Baadaye nkaenda nacho kwa sonara mmoja Mji wa Kale nimwazime lenzi yake ya jicho, nkaupiga waya msasa kwenye ncha nkaangalia. Ndani ya shaba kuna vitone vitone vya kijivu, vingi, vimepangwa kama mbegu ndani ya tunda, kila kitone ni uzi wa niobiamu na titaniamu mwembamba kama unywele. Sonara naye akaangalia, akauliza ni madini gani haya. Nkamweleza, alafu nkamwambia na hiyo dhahabu yako nayo ina hadithi, haikuzaliwa hapa duniani. Akaniangalia. Nkamwambia tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya kunasa mawimbi ya uvutano ya LIGO na Virgo ilisikia nyota mbili za nutroni zikigongana, mbali umbali wa mwanga kusafiri miaka milioni 130, na darubini za dunia nzima zilipogeuzwa upande ule zikaona mwanga wa elementi nzito zikizaliwa pale pale. Dhahabu hupikwa kwenye vurugu kama hizo, viini vyamezeshwa nutroni kwa pupa, moja juu ya moja, kabla havijapata nafasi ya kuvunjika, vyapita njia ya vile viini vya muda mfupi kabisa, alafu vyashuka polepole mpaka vikawa dhahabu na platinamu na urani. Kwa hiyo kujua dhahabu ya mahari ilipikwaje lazima ujue vile viini vya njiani vikoje, na vyenyewe havipo popote duniani mpaka uvitengeneze mwenyewe. Sonara hakusema kitu, alichukua bangili moja akaigeuza geuza mkononi kama anaiona leo.

Turudi kwenye mashini. Zamani kupima kiini ilikua rahisi kwa mpangilio wake, wachukua kipande cha kitu unachotaka kukijua, wakiweka pale mbele, wakirushia chembe ndogo kama protoni kwa kasi waona zinavyoruka. Kiini cha kuishi dakika mbili huwezi kukifanya kipande ukakiweka mezani. Kwa hiyo wakageuza mambo, kile kiini adimu ndio chawa mwale unaorushwa, na kile kidogo chepesi ndio chatulia kingojee. Na hicho kinachongoja mara nyingi ni utando wa plastiki! Ile ile polithini ya mifuko iliyopigwa marufuku Kenya 2017, tofauti ni kwamba haidrojeni yake ni ile nzito, protoni moja na nutroni moja zimeshikana mikono.

Kuutengeneza huo mwale kuna njia mbili kubwa. Moja ni ya kupika. Warusha protoni zenye nguvu kwenye kipande kinene, mara nyingi kabaidi ya urani, na hicho kipande kimechemshwa mpaka nyuzi 2,000 hivi, viini vinavyovunjika mle vyatoka vyenyewe kama mvuke kwenye sufuria, vyanaswa, vyachajiwa, kisha sumaku yachagua uzani mmoja tu. Njia hii ilijaribiwa Copenhagen mwaka 1951 na Otto Kofoed-Hansen na Karl Ove Nielsen, na ndiyo itumikayo kwenye kituo cha ISOLDE pale CERN tangu 1967, na mpaka leo wameshatoa aisotopu zaidi ya 1,000 za elementi zaidi ya 70. Njia ya pili haina kupika, ni ya mwendo. Wachukua kiini kizito, wakikimbiza mpaka karibu nusu ya kasi ya mwanga, wakipigisha kwenye kipande chembamba cha kaboni, chapasuka na vipande vyaendelea mbele kwa kasi ile ile, njiani kuna safu ya sumaku zachambua kipi ni kipi. Njia hii yafaa viini vya maisha mafupi sana kwa sababu hakuna kungoja kitoke kwenye sufuria, safari yote yaisha ndani ya sehemu ndogo ndogo ya sekunde. Mtu wa samaki ataelewa haraka, kuna samaki wa kufikisha sokoni Kongowea na kuna samaki ambaye usipompika ndani ya mashua basi umemkosa.

Sasa ile sumaku ya Brisbane. Nguvu yake ni tesla 4, tesla ndio kipimo cha nguvu ya sumaku. Chombo chenyewe chaitwa ISS, kiko pale pale ISOLDE, na kilianza kupima mwaka 2018. Hapa ndipo moyo wangu uliposhikwa kwa hiyo nivumilieni nizame.

Mwale waingia katikati ya lile tundu, pale pale alipokua akilala mgonjwa. Katikati kuna ule utando wa plastiki. Kiini adimu chapita, chachukua nutroni kutoka kwa ile haidrojeni nzito chaendelea na safari yake, na protoni iliyoachwa mkono yarudi nyuma. Hiyo protoni ndio mjumbe. Nguvu iliyo nayo yakwambia ile nutroni imekaa ghorofa ya ngapi ndani ya kiini, ya chini ama ya juu. Taabu ni kwamba protoni zaruka kila upande, zingine zaenda polepole mno, na kwa vyombo vya kawaida zaja zimefinyana hadi huwezi kutofautisha hii na ile. Lakini ndani ya sumaku protoni haiwezi kwenda moja kwa moja, yapinda, yazunguka kama springi, na inarudi tena kwenye mstari wa katikati ilikotoka. Na maajabu yake, muda wa kuzunguka duara moja ni ule ule kwa zote! Yenye kasi yafanya duara kubwa, ya polepole yafanya duara dogo, zote zamaliza kwa wakati mmoja, kwa tesla 4 ni kama nanosekunde 16, yaani sehemu 16 kati ya bilioni moja za sekunde. Ni kama uwaambie watoto pale uwanja wa Tononoka mwenye mbio azunguke mbali na mnyonge azunguke karibu, na wote wakufikie kwa pamoja. Kwa hiyo waweka vipande vya silikoni kwenye ule mstari wa katikati tu, protoni zaja zenyewe zajipanga, pale ilipogonga na nguvu iliyogonga nayo vyatosha kujua hadithi yote. Wazo hili lilifanyiwa kazi kwanza kwenye maabara ya Argonne, karibu na Chicago, na chombo kiitwacho HELIOS, na sumaku ya HELIOS nayo ilikua ya MRI, ilitoka Ujerumani.

Moja ya vitu vya kwanza walivyopima na ISS ni zebaki-206. Hesabu mwenyewe, protoni 80, nutroni 126. Hiyo 126 si nambari ya kawaida, viini vina nambari zake za kutulia, 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126, ghorofa ikijaa kiini chatulia, na Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen ndio walioeleza kwa nini, wakapata Nobeli 1963. Sasa kuongeza nutroni ya 127 juu ya 126 ni kuona ghorofa inayofuata ikoje, na upande ule wa chini ya risasi hakuna aliyekua ameuona kwa njia hiyo, na ni jirani kabisa na njia ambayo dhahabu hupikiwa. Sumaku ya hospitali ndio iliyoonyesha! Na nambari zenyewe mtu asidhani ni sheria ya milele, ukienda mbali kwenye viini vyenye nutroni nyingi zavunjika, magnesiamu-32 ina nutroni 20 lakini haikutulia inavyotakiwa, imebadilika umbo. Alafu kuna lithiamu-11, kitu chenye chembe 11 tu, mwaka 1985 Isao Tanihata na wenzake wakaipima kule Berkeley wakakuta imetanda upana kama kiini cha risasi chenye chembe 208, manake nutroni zake mbili za mwisho zaelea mbali nje kama taa ya chombo usiku. Na yaishi kama sehemu 9 tu kati ya 1,000 za sekunde moja. Mi nliposikia hiyo nlisema subhanallah.

Mtu akiona picha za hizi mashini aona ukubwa. Ni kubwa kweli. Ile ya duara ya maabara ya RIKEN kule mji wa Wako, Japani, yenye sumaku za baridi, yenyewe peke yake ni tani 8,300, ukitaka kujua ni nini piga hesabu ya makontena ya futi 20 yaliyojaa pomoni, wapita 270. Mimi lakini kilichonishika si ukubwa, ni uvujaji. Kila kitu kwenye hii kazi ni vita na kuliki. Hewa isiingie, joto lisiingie, miale isitoke. Bomba linalopitisha mwale lazima liwe tupu kabisa maana kiini kikigonga hata hewa kidogo chapotea njia, na bomba lenyewe ni mamia ya mita na maungio ambayo huwezi kuhesabu, kila ungio ni mahali pa kuvuja. Mimi kwenye kontena natafuta liki na povu la sabuni, nikitaka uhakika najaza naitrojeni naangalia geji mpaka asubuhi. Wao wavuta hewa ndani, alafu fundi apita nje na bomba dogo la heliamu apuliza ungio kwa ungio, na kifaa upande wa ndani chanusa, heliamu ni chembe ndogo yapita hata pale maji hayapiti, ikinuswa tu ujue hapo pana tundu. Ni kazi ile ile! Ya subira, ya magoti, ya kurudia. Nliposoma hilo nkajua hawa ni watu wangu.

Ile ya Michigan, Marekani, iitwayo FRIB, ndio nimeisoma zaidi. Chuo kikuu cha Michigan State kilichaguliwa kuijenga Desemba 2008, na majaribio ya kwanza ya wanasayansi yakaanza Mei 2022. Iligharimu dola milioni 730. Njia ya kukimbizia viini iko chini ya ardhi kama mita 10, imekunjwa ikawa mistari mitatu kama klipu ya karatasi ili ienee chini ya chuo, na ndani yake kuna vyungu 324 vya niobiamu, vya kusukuma viini kwa umeme, vimepangwa ndani ya masanduku 46 ya baridi, na baridi yenyewe yafika nyuzi 271 chini ya sifuri, baridi kuliko hata ile ya MRI yetu. Vyungu hivyo huweldiwa kwa mwale wa elektroni ndani ya chumba kisicho na hewa, manake niobiamu ikishika oksijeni ikiwa moto imeharibika. Alafu vyaoshwa kwa maji safi kupita kiasi yenye presha, kwenye vyumba ambavyo mtu aingia amefunikwa mwili mzima, kwa sababu punje moja ya vumbi ndani ya chungu yatosha kurusha elektroni ovyo na kuharibu kazi ya mwaka. Ilikusudiwa kufikia kilowati 400 za mwale, walianza na kilowati 1 tu, wakawa wapanda ngazi polepole, na kile kipande cha kaboni kinachogongwa kazi yake ni kuzunguka kila wakati ili moto usikae mahali pamoja, akili ya kawaida kabisa ya mtu anayegeuza mishikaki. Mwaka 2024 wakatangaza aisotopu mpya tano ambazo hazikuwahi kuonwa, za thuliamu, yiterbiamu na luteshiamu.

Miaka 13 na zaidi tangu kuchaguliwa mpaka majaribio ya kwanza, ili kushika kitu cha kuishi chini ya sekunde. Mpwa wangu alinambia hivi vitu huanza watu wakiwa vijana na kumaliza wakiwa na wajukuu.

Na ukishashika kiini bado kuna macho ya kukiona. Kuna chombo kiitwacho GRETA, kilijengwa Berkeley, mfano wa mpira mtupu ambao ukuta wake wote ni fuwele za germaniamu, fuwele 120, kila moja imegawanywa vyumba 36, na kazi yake ni kufuata mwale wa gama hatua kwa hatua unavyogonga hapa ukaruka pale mpaka ujulikane ulitokea wapi. Ulaya wana ndugu yake, AGATA. Zote zapozwa na naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tena baridi! Kila nikigeuka nakuta kazi yangu.

Nikisema nyuklia hapa Pwani watu washtuka, najua, habari za Uyombo kule Kilifi 2024, watu walipopinga kinu cha umeme wa nyuklia, hazijasahaulika na watu wa kule wana haki ya maswali yao yote. Hizi mashini nazungumzia mimi si za kutoa umeme, hazina moto unaojiendesha, ukizima swichi mwale umekwisha. Hatari yake iko, vile vipande vinavyogongwa hubaki na miale, ndio maana ISOLDE vyabadilishwa na roboti na kuta za saruji ni nene mno.

Afrika tuko na iThemba LABS karibu na Cape Town, wana saiklotroni kubwa, mashini ya kuzungusha chembe mpaka zishike kasi, wana spektromita yao K600, chombo cha kupima nguvu za chembe, na safu ya germaniamu iitwayo AFRODITE, na wameleta saiklotroni nyingine ya kutengeneza dawa za hospitali ili ile kubwa ipate nafasi zaidi ya utafiti. Hiyo nlifurahi sana kuijua. Lakini nataka kusema kitu kwa vijana wa Majengo na Changamwe na Likoni wanaojifunza weldi na friji na umeme wakidhani mwisho wao ni kufungua AC za mahoteli. Profesa ndiye anayejua swali. Anayeijenga mashini ni fundi, ni yule anayejua chuma kikipoa chajikunja kiasi gani, anayesikia pampu inalia kabla geji haijaonyesha, anayeweza kuweldi bomba lisivuje hata chembe ya heliamu. Chuo cha ufundi hapa Mombasa tunacho, mikono tunayo, na kama kuna mwalimu asoma hapa namwomba awaonyeshe watoto hizi mashini, wajue hata wanaojenga mashini za kutafuta asili ya dhahabu wapiga magoti chini wakitafuta liki kama sisi.

Kuna hospitali nyingine hapa, nayo sitaitaja, mashini yao ya MRI imezeeka na nimesikia yaletwa mpya. Ni tesla 1.5, najua haiwezi kufanya kazi ya ile ya Brisbane, lakini yatosha kufundishia watoto namna chupa ya heliamu inavyojengwa, namna ya kuvuta vakyumu, namna ya kupima, hata ikikaa bila heliamu. Nimeenda kuwaomba mara mbili wasimwite mtu wa vyuma chakavu kabla hawajaniita mimi. Mara ya kwanza mlinzi hakuniruhusu kupita. Mara ya pili nlifika mpaka kwa mama mmoja wa utawala, akanisikiza vizuri tu, nkamtolea kile kipande cha waya nkampa aone zile nyuzi ndani ya shaba, akauliza maswali mawili matatu ya maana, akaniambia nirudi Jumatatu saa nne na nije na barua. Barua mpwa wangu ameshaiandika. Tutaenda wote wawili, yeye aeleze fizikia na mimi nieleze baridi, na lenzi ya sonara nimeshaiomba tena.